Kulungu Aliyewahi

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni pakawa ya walioshiba. Wewe unayegeuza muhogo hapo motoni, uache kwanza, hautakimbia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kuzungumza nasi, palikuwa na kijiji kimoja ubavuni mwa msitu. Msitu huo haukuwa wa mfalme, wala wa mganga, wala wa ukoo fulani. Kila mtu aliingia na kila mtu alitoka, na ukimuuliza yeyote atakuambia: "Msitu ni wa wote, si wa mtu!" Maneno matamu hayo. Lakini kitu cha wote kina raha yake na kina karaha yake, na aliyeijua karaha hiyo kuliko wenzake ni mwindaji mmoja aliyeitwa Semboja.

Semboja alikuwa na shabaha, alikuwa na miguu miepesi, na alikuwa na mdomo wa kulalamika. Mkewe, Chausiku, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana, mashavu yamejaa kiganja. Na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mila ya kijiji kile ilikuwa hivi: mtoto wa kwanza hatoki nje mpaka baba yake alete ngozi ya kulungu. Huwekwa juu ya ngozi hiyo, hubebwa mpaka juani, na huko juani ndiko huitwa jina. Ngozi isipokuja, mtoto hana jina na mama haoni jua.

Basi Chausiku akakaa ndani na moshi wake. Mlangoni akakaa Bibi Namkunda, mkunga, na fimbo magotini. Naye pia hakuruhusiwa kwenda kwake mpaka mtoto atoke, na kuku wake huko nyumbani walikuwa wakitaga ovyo vichakani. Kwa hiyo alikuwa na hasira kuliko mama mtoto.

Wawindaji nao walikuwa na mila yao. Atakayewahi alfajiri akafunga fundo la nyasi mlangoni mwa kichaka, kichaka hicho ni chake mpaka jua lizame. Mwingine akipita, hata kama anaona pembe zinachezacheza humo ndani, hainui upinde. Na mnyama aliyekwisha kuuawa naye hufungwa fundo kwenye pembe yake, ijulikane kwamba ana mwenyewe. Atakayevunja fundo la mwenzake, nyumba yake haipewi moto na jirani yeyote. Na nyumba isiyopewa moto, jamani, hiyo ni nyumba tena?

Siku ya kwanza Semboja akaamka kabla ya jogoo. Akaingia msituni, akapata kichaka kizuri penye kijito, akafunga fundo lake, akajilaza chini. Akatulia tuli. Mbu akamuuma sikioni, akavumilia. Siafu akampanda, akavumilia. Mara majani yakatikisika, ikatoka pua nyeusi, yakafuata masikio, ikafuata shingo. Kulungu! Semboja akavuta upinde taratibu.

"Fyuuu, fyuuu, fyuuu!"

Mrina asali huyo anakuja, anapiga mbinja, amebeba kienge cha moto kinachofuka moshi hadi mbinguni. Akaupanda mti uleule aliojificha chini yake Semboja. Nyuki wakashuka, Semboja akaruka, kulungu akaenda zake.

"We mzee! Huoni fundo langu?"

"Fundo lako ni la kichaka," akasema mrina asali kutoka juu, "mimi nataka mzinga. Msitu ni wa wote, mwanangu, si wa mtu!"

Semboja akarudi nyumbani na uso umevimba. Chausiku akazisikia hatua zake, akaita kutoka ndani:

"Semboja, ngozi iko wapi?"

"Iko msituni, mke wangu. Mwenyewe bado ameivaa."

Siku ya pili akaenda mbali zaidi, kule ambako warina asali hawafiki. Akafunga fundo, akajilaza, akatulia tuli. Mbu akamuuma, akavumilia; siafu akampanda, akavumilia. Ikatoka pua, yakafuata masikio, ikafuata shingo. Akavuta upinde taratibu.

"Eee mama weee, kuni zimekauka eee!"

Wanawake wa kuni hao! Wanaimba, wanaitikiana, wanavunja matawi kwa vishindo, na mmoja wao anacheka kicheko cha kuangusha nazi. Kulungu akageuza mkia mweupe, akawaonyesha, akatokomea.

"Mama zangu, hamuoni nawinda?"

"Na sisi hatuonekani tunaokota kuni? Msitu ni wa wote, shemeji, si wa mtu!" Kisha yule mwenye kicheko akaongeza: "Kwani Chausiku hajatoka mpaka leo? Masikini! Mume wa mwenzetu kazi yake kulala chini ya miti."

Hilo lilimchoma. Akarudi nyumbani bila kumwamkia mtu.

"Semboja, ngozi iko wapi?"

"Iko msituni, mke wangu. Mwenyewe bado ameivaa."

"Basi mwambie mwenyewe," akasema Chausiku, na sauti yake sasa ilikuwa na machozi, "kwamba huku ndani kuna mtoto anayekohoa moshi, na anaitwa Wewe, kwa sababu hana jina jingine."

Semboja hakulala vizuri. Mpenda kulalamika naye ana moyo, msidhani hana.

Siku ya tatu akatoka mapema zaidi. Kichaka cha kwanza, fundo. Cha pili, fundo. Cha tatu, fundo. Akatembea akatembea, kila mlango wa kichaka umefungwa nyasi. Mafundo yenyewe yalikuwa manene, ya kivivu, na Semboja akayatambua mara moja: ya Shelukindo. Huyu Shelukindo alikuwa mwindaji mwenye tumbo mbele na usingizi nyuma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini Shelukindo hakuwapo, na lake lilikuwapo kila mahali. Semboja akamkuta chini ya mti, upinde ameufanya mto, anakoroma.

"Shelukindo! Vichaka vyote hivi vyako?"

"Vyangu," akajibu Shelukindo bila kufungua macho. "Nimewahi."

"Utaviwindaje vyote?"

"Nitaamka, nitachagua."

"Niachie kimoja, ndugu yangu. Mtoto wangu yuko ndani."

"Ungewahi wewe. Msitu ni wa wote, Semboja, si wa mtu." Akageukia upande wa pili.

Semboja akaondoka. Akaingia msituni kabisa, mpaka pale ambapo miti inashikana mikono. Huko akaona kichaka kimoja, na mlangoni mwake, hata huko, palikuwa na fundo! Nusura alie. Lakini alipoliinamia akashangaa. Fundo hili halikuwa la Shelukindo. Nyasi zake zilikuwa zimetafunwatafunwa nchani, zimelowa mate.

"Usiguse," ikasema sauti ndani ya kichaka. "Pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi."

Ikatoka pua nyeusi, yakafuata masikio, ikafuata shingo, na baada ya shingo zikafuata pembe mbili zilizosokotwa vizuri. Kulungu dume, mzee kidogo, mgongo una mistari myeupe kama aliyenyunyiziwa unga.

Semboja akavuta upinde mpaka kamba ikamgusa shavu.

"Mimi nimefunga fundo," akasema kulungu. "Nimewahi. Na nani atawahi kichaka hiki kuliko mimi ninayelala humu?"

"Mafundo ni ya watu!"

"Nani kasema? Kila siku nalala humu nikiwasikia mkigombana. Mrina asali anasema msitu ni wa wote. Wanawake wa kuni wanasema msitu ni wa wote. Shelukindo anasema msitu ni wa wote, kisha anasinzia. Basi nikajiambia, bwana wewe, hata mimi ni mmoja wa hao wote. Nikajifunza kufunga nyasi kwa meno. Tangu hapo wawindaji wanapita hapa wanasonya, wanakwenda zao."

Semboja akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuachia mshale, akalifungua fundo lile, na nani angejua? Lakini akawakumbuka wote aliowalaani kwa kutoheshimu fundo lake, akajiona anataka kuwa mmoja wao, tena mbaya zaidi. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko upinde. Akaushusha, akakaa chini, akashika kichwa.

"Mtoto wangu anakohoa moshi," akasema. "Mke wangu hajaona jua, na hataliona bila ngozi ya kulungu. Na wewe una fundo. Sasa nifanye nini?"

Kulungu akamtazama. "Kila mtu na lake," akasema. "Mimi meno yananiisha. Angalia fundo la leo, fundo gani hilo? Juzi Shelukindo alisimama hapa akasema, 'Mbona hili lina mate?' Siku nikiamka nisiweze kufunga, ndiyo siku yangu. Ngozi siwezi kukupa, bwana. Nikiivua nitavaa nini?"

Semboja akainua kichwa.

"Kwani lazima uivue?" akauliza.

Wakatazamana. Kulungu akakunja masikio. "Unataka nije kijijini? Kijiji cha wawindaji? Wewe una akili kweli?"

"Nitakufunga fundo kwenye pembe yako, waone una mwenyewe. Kisha nitakufungia hapa mlangoni kila alfajiri, kwa vidole, fundo safi lisilo mate, mpaka siku utakayozeeka ukafa kwa raha zako."

Kulungu akafikiri, akatafuna, akafikiri tena. "Kila alfajiri?"

"Kila alfajiri."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Haya. Lakini ulifunge vizuri, maana nakwenda na roho mkononi."

Basi wakashika njia. Mbele Semboja, nyuma kulungu, na kwenye pembe ya kulungu fundo la nyasi mbichi linaning'inia. Wakakutana na mrina asali. Mzee akachomoa panga: "Nyama!" Akaliona fundo. Akarudisha panga alani. "Ah. Ana mwenyewe."

Wakakutana na wanawake wa kuni. Mashoka juu: "Nyama!" Wakaliona fundo. Mashoka chini. "Ah. Ana mwenyewe."

Wakakutana na Shelukindo, ndiyo kwanza ameamka. Akakamata upinde, akatia mshale, akavuta. "Nyama!" Kisha akaliona fundo, na midomo ikamcheza. "Semboja! Huyu mnyama yuko hai!"

"Nimewahi."

"Lakini anatembea! Nyama gani inatembea?"

"Aa, Shelukindo, ndugu yangu," akasema Semboja, na utamu wa maneno hayo mdomoni ulizidi asali, "ungewahi wewe. Msitu ni wa wote." Shelukindo akabaki pale, mshale mkononi, hajui aucheke au aulilie. Kulungu alipompita alitembea taratibu zaidi, makusudi.

Kijiji kizima kikawafuata nyuma. Chausiku akasikia kishindo cha miguu, akaita kutoka ndani ya moshi:

"Semboja, ngozi iko wapi?"

"Imekuja, mke wangu! Mwenyewe bado ameivaa!"

Bibi Namkunda akainuka na fimbo yake, akaweka mguu mlangoni. Akamzunguka kulungu, akampapasa mgongo, akampapasa ubavu, akampapasa shingo, na kulungu akakunja ngozi kwa kutekenywa.

"Mama yangu alinifundisha kazi hii," akasema mkunga, "na mama yake alimfundisha yeye. Walisema mtoto wa kwanza wa kijiji hiki asianze kwa kubebwa na mtu. Aanze kwa kubebwa na msitu, ndipo msitu umjue." Akaugonga ule mgongo kwa kiganja. "Sisi tumezoea kumletea mtoto kipande cha msitu kilichokufa. Leo msitu umekuja wenyewe kwa miguu yake. Nani kati yenu ataniambia huu ni upungufu?"

Tena nawaambieni, Bibi Namkunda alikuwa anawawaza pia kuku wake.

Akaingia ndani, akatoka na mtoto, akamlaza juu ya mgongo wa kulungu. Mtoto akakunja vidole, akashika manyoya, akatulia. Kulungu akapiga hatua, akapiga nyingine, akatoka kivulini. Jua likampata mtoto usoni, akapiga chafya, na papo hapo akakojoa. Maji yakamtiririka kulungu mgongoni mpaka ubavuni.

"Na hii," akauliza kulungu, "nayo imo katika mila?"

"Hiyo ndiyo mila yenyewe," akasema Bibi Namkunda. "Sasa mmejuana."

Chausiku akatoka nyuma yao. Akasimama mlangoni amefumba macho, jua limemjaa usoni, akalia na kucheka kwa pamoja. "Nilikuwa nimeshamwandalia jina la Tabu," akasema. "Lakini aitwe Sikudhani." Wakaliita jina hilo mara tatu, na mara ya tatu hata Shelukindo aliitika.

Karamu ya siku ile ilikuwa ya kunde. Kunde tupu, na watu walinung'unika, kwa sababu nyama ya karamu ilikuwa imekaa nao pale uani inakula majani ya mboga. Lakini walikula, wakashiba, na kulungu akasindikizwa mpaka ukingoni mwa msitu, fundo lake likiwa bado kwenye pembe.

Na Semboja? Kila alfajiri aliamka kabla ya jogoo, kabla ya mrina asali, kabla ya Shelukindo. Alifunga fundo safi mlangoni mwa kile kichaka, mvua au umande, na mtoto Sikudhani alipoanza kutembea akawa anamshikia nyasi. Kulalamika hakuacha, ila sasa alilalamika kuhusu baridi ya asubuhi, na kulungu akimsikiliza kutoka ndani akimwambia, "Pole, bwana, kaza kidogo hapo juu."

Kwa hiyo ukipita msituni ukaona nyasi zimefungwa mlangoni mwa kichaka, usiulize zimefungwa kwa vidole au kwa meno. Pana mwenyewe. Pita.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeifunga fundo. Anayetaka kuifungua na awahi alfajiri.