Mtumbwi wa Mzee Kiponda

Mtumbwi usiozamishwa kiangazi huzama masika. Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia mama yenu asubuhi, mama alipokataa kaka yenu aamshwe kwenda shamba, eti atachoka. Mama yenu kanuna, nanyi mkacheka. Msicheke, wajukuu zangu. Maneno hayo yana msiba ndani yake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu bonde la Rufiji, mto ulifurika karibu kila mwaka. Masika mashamba yote yaligeuka maji, na mtu hakwenda popote ila kwa mtumbwi. Kiangazi mto ulirudi kwenye njia yake, mtumbwi ukakosa kazi. Mgeni angedhani ulihifadhiwa nyumbani, pakavu. Wapi! Uliburutwa hadi bwawani, ukajazwa mawe, ukazamishwa kwenye tope mpaka msimu mwingine. Gogo lililochongwa likikaa juani miezi mingi hupasuka, lakini likilala majini hubaki zima. Hutoka jeusi, linanuka, na majani yameota ubavuni, lakini ni zima.

Palikuwa na mchongaji aliyeitwa Mzee Kiponda. Mtumbwi wake wa mwisho aliuchonga huku anakohoa, na alipoumaliza hakukaa sana, akafariki. Alimwacha mkewe, Bi Somoe, na mwana mmoja, Mtulia. Kijana huyo alimpenda baba yake kupita kiasi, nami simlaumu kwa hilo.

Kiangazi kilipoingia, jirani yao Ungando akaja ili wasaidiane kupeleka mitumbwi bwawani. Mtulia akakataa. Alikuwa ameuosha mtumbwi wa baba yake, akaupaka mafuta ya ufuta, akauweka juu ya magogo mbele ya mlango. Ulikuwa unang'aa, na wapita njia walisimama kuusifu.

Bi Somoe akamwambia, "Mwanangu, baba yako hakuacha mtumbwi juu hata mwaka mmoja."

"Mama, baba nimemfukia juzi tu. Leo niufukie na mtumbwi wake kwenye tope?"

Bi Somoe alikuwa na la kujibu, lakini machozi yalimtangulia. Akamwacha afanye atakavyo. Na mimi nasema huruma ile ya mama ndiyo iliyoharibu mambo.

Jua likawaka. Ufa ulianza nyuma, mwembamba, ukatambaa polepole chini ya ule mng'aro. Mtulia aliuona, akauziba kwa nta, akapaka mafuta mengine juu yake.

Mwaka ule mafuriko hayakungoja mvua yetu. Mvua ilinyesha mbali, huko juu mto unakotoka, na huku kwetu mbingu zilikuwa nyeupe. Bi Somoe alikuwa ng'ambo ya bonde, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akilinda mpunga mchanga usiliwe na nguruwe. Alfajiri watu waliamka wakakuta bonde zima ni maji yanayokwenda mbio.

Mtulia akausukuma mtumbwi majini.

"Usipande huo!" Ungando akampigia kelele. "Ngoja tuutoe wangu bwawani!"

"Mpaka mmalize kutoa mawe, mama yangu atakuwa wapi?"

"Mtulia, una ufa! Nauona kutoka hapa!"

"Ni mtumbwi wa baba," akasema, akausukuma kwa upondo, ule mti mrefu.

Alifika katikati ya mkondo. Hapo nta ikabanduka na ufa ukafunguka. Maji yaliingia kwa nguvu, na mtumbwi ukamtoka miguuni. Alidaka tawi la mkuyu akaning'inia hapo, na kwa mbali alimwona mama yake amesimama juu ya dungu, akipunga kitambaa.

Ungando na wenzake waliutoa mawe ule mtumbwi mweusi wa bwawani, wakaja nao. Haukuvuja hata tone. Lakini mkuyu ulikuwa njiani, na mtu hawezi kumpita mtu anayezama. Wakamwokoa Mtulia kwanza. Walipofika kwenye dungu, walikuta nguzo mbili tu zimesimama majini.

Hakuna aliyemsema. Mwili wa Bi Somoe ulipopatikana, watu walimzika kando ya mumewe, wakarudi makwao.

Maji yalipokauka, Ungando alimwita waende bwawani. Mtumbwi wa Mzee Kiponda, uliobebwa na mafuriko, ulikuwa umelala chini kwenye tope, mahali pale pale ambapo mzee angeulaza. Gogo lilikuwa limenywa maji likavimba, na ule ufa ulikuwa umejifunga. Mtulia alipitisha kidole chake hapo, akakirudisha tena na tena.

"Tuubebe nyumbani?" Ungando akauliza.

Mtulia akatikisa kichwa. Akaokota jiwe, akaliweka ndani ya mtumbwi. Akaokota jingine. Ungando naye akainama kumsaidia, wakajaza mawe mpaka maji ya tope yalipofunika kingo zote mbili. Hapo ndipo Mtulia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha akayasema maneno ambayo asubuhi yamewachekesha:

"Mtumbwi usiozamishwa kiangazi huzama masika."