Ngiri Aliyekwenda Kuposa kwa Farasi

Paukwa!

— Pakawa!

Kiti nimpe nani?

— Mpe aliyeanguka!

Basi nipeni mimi, maana nilipanda farasi mara moja, huko ugenini. Farasi alifika. Mimi nilifuata kwa miguu.

Hapo zamani za kale, Ngiri alimpenda Riziki, binti wa Mama Nungunungu, mpaka akasahau kula. Kwa akina Nungunungu kulikuwa na mila: mposaji huja juu ya farasi, mkononi bakuli la maziwa, na lisimwagike hata tone. Nyumba ile imejaa miiba. Mkwe asiyejua kutulia atatobolewa kabla fungate halijaisha. Majaribio ni matatu. Ngiri akishindwa, binti anaolewa na Kenge, mposaji mwenzake aliyekuwa akingoja.

Siku ya kwanza Ngiri alimbana Farasi kwa miguu mitatu, wa nne ukashika bakuli. Farasi akadhani anaambiwa kimbia, akakimbia. Ngiri akapiga hodi akipita, akajibiwa karibu akiwa kijiji cha tatu. Maziwa yakanywewa na vumbi.

Siku ya pili akalegea kama nguo iliyoloa. Farasi akadhani anaambiwa pumzika, akasimama kula majani. Ngiri akateleza, akateleza, mpaka chini ya tumbo, na huko huko akaendelea kutoa amri.

Kenge akaanza kujipaka mafuta.

Siku ya tatu Ngiri akalia. Farasi akageuza shingo.

"Bwana wee, juzi umenikaba, jana umenilalia. Leo kaa. Kalia makalio, usikalie wasiwasi. Macho yatangulie mlangoni kwa mkweo, pumzi ishuke tumboni. Nguvu unazo, ila usinimwagie zote mara moja."

Ngiri akakaa. Akitaka mwendo, anabana kidogo. Akitaka taratibu, anashusha pumzi. Wakafika. Bakuli limejaa, na nzi mmoja anaogelea humo kwa raha zake.

"Karibu, mwanangu," akasema Mama Nungunungu. "Shuka."

Ngiri akatazama chini. "Kushuka, mama, hatujafundishwa."

Basi harusi ikafungwa juu ya farasi, na Riziki akapandishwa nyuma ya mumewe. Ngiri akiegemea nyuma, miiba. Akibana miguu, mbio. Akanyoosha mgongo, akasimamisha mkia, akatulia. Mpaka leo mkia haujashuka.

Kenge alikula pilau, akasema bibi harusi mwenyewe anachoma.

Funzo, wenzangu: nguvu bila utulivu humwagika njiani, na utulivu bila nguvu hulala njiani.

Hadithi yangu imeshuka salama. Anayeitaka aipande, akianguka, kiti kipo.