Kibao cha Bwana Shekilindi

Mwanahawa alikodi chumba cha uani kwenye jengo la Bwana Shekilindi, pale Korogwe, afungue ofisi ya kuwatafutia watu kazi. Tajiri naye alikuwa na ofisi ya namna hiyohiyo, tena upande wa barabarani.

"Kibao hubandiki," Shekilindi akamwambia. "Ukuta wangu, kibao changu."

"Sawa, tajiri. Na mwajiri akiona bei yako kali?"

"Aende kwingineko!"

"Na anayetafuta kazi, akikosa kwako?"

"Naye aende kwingineko! Wewe hata jina la ofisi huna, unanihoji mimi?"

"Basi waandikie hivyo mlangoni, wasije wakanisumbua huku uani."

Shekilindi akacheka, akamwita fundi rangi. Jioni kibao kikasomeka kwa herufi nyekundu: UKIONA GHALI AU UKIKOSA KAZI, NENDA KWINGINEKO.

Kesho yake Mwanahawa akaenda halmashauri kukata leseni.

Mwezi haukuisha, foleni ikajaa uani. Shekilindi akamjia juu. "Umewaambia nini watu wangu?"

"Jina la ofisi yangu tu, tajiri. Njia umewaonyesha wewe."

Akamnyooshea leseni. Jina la biashara: Kwingineko.