Mlango Uliochorwa Wazi

Wapendwa, wekeni Biblia zenu magotini kidogo mnisikilize. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, aliyetunza ufunguo wa kanisa la kijijini kwao tangu ujana wake. Alipostaafu ualimu akaandika kitabu cha watoto wa Shule ya Jumapili. Kitabu kizuri, kina picha za rangi. Kilisimulia vita ya zamani, jinsi watu walivyokimbilia kanisani, mlango ukafunguliwa, wakaingia wote wakapona.

Mkewe alikisoma jikoni, akakifunga.

"Mume wangu, mlango ule haukufunguliwa. Nilikuwa ndani na wewe. Niliwasikia wakigonga mpaka wakanyamaza."

Mzee roho ilimuuma, maana komeo alilisukuma kwa mkono wake mwenyewe. Lakini akajikaza kiume. "Mama, watoto hawaandikiwi aibu. Waache waipende imani yao."

"Na wakiuamini huo mlango?"

Mzee akakichukua kitabu chake akatoka nje. Wewe ungemjibu nini?

Basi kitabu kikasomwa kila Jumapili. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi, alikijua chote kwa moyo, na mzee akimsikiliza alivimba kichwa. Nani kati yetu asingevimba?

Haikupita miaka mingi, vita ikarudi. Ilikuwa mchana, watoto wako shuleni. Bunduki zilipolia, wengi walitawanyika wakajificha kwenye mashamba ya mtama. Yule binti akawakusanya wadogo saba. "Twendeni kanisani! Babu ana ufunguo, atatufungulia." Wakamfuata mbio.

Na mzee alikuwa wapi? Mzee alikuwa ameshatimkia mlimani pamoja na wale wa kwanza kabisa, ufunguo uko mfukoni.

Waliojificha kwenye mtama walipona. Siku ya tatu mzee alishuka, akamkuta mkewe ameketi kwenye ngazi za kanisa. Nyuma yake, mlangoni, wamelala wanane, wamefunikwa khanga. Mama yule hakulia wala hakumlaumu. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe ufunguo," akasema.

Ndugu zangu, sisi nasi tumewaandikia nini watoto wetu? Tunawasimulia kwamba babu zao wote walikuwa mashujaa, na kanisa letu halikumkataa mtu. Haya, milango ile ilifungwa na nani? Tunawadanganya ili sisi tupate usingizi, na wao, maskini, wanashika njia tuliyowaonyesha.

Leo ukifika nyumbani, mkalishe mwanao umwambie: siku ile tuliogopa, tukafunga. Utaona aibu, tena sana. Vumilia. Afadhali uone aibu wewe kuliko mtoto abishe hodi pasipo na mtu.

Na wewe uliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba hii, umeketi hapo mbele, nakuona. Usitoke humu leo kabla hujajua utafanya nini siku watakapogonga.