Lango Ambalo Halikubebwa

Mtu mmoja alikuwa na ukuta mkubwa kuliko nyumba yake. Aliitwa Mhina, fundi mwashi wa Muheza, na ukuta huo aliujenga kwa mikono yake baada ya kugombana na mdogo wake Singano juu ya mpaka wa kiwanja cha baba yao. Kisima kikabaki upande wa Mhina. Mama yao mzazi akabaki upande wa Singano, akanywa maji ya mtoni miaka saba, ilhali kisima kilikuwa hatua ishirini tu. Mhina aliyajua hayo na yalimuuma, lakini ukuta ukishasimama, kuubomoa ni aibu. Msimcheke. Majirani walichukua jembe wakalime, kama methali ya ndugu wakigombana inavyoshauri, na siku ya kuchukua kapu haikufika.

Basi binti yake Stumai, muuguzi huko Uingereza, akamwalika kumtembelea. Aliishi katika mji mdogo wa soko, na juu yake, kilimani, palikuwa na gofu la ngome ya mawe ya miaka mia nane. Mhina alipoliona alisahau baridi, akasahau na kofia yake ndani ya basi. Mzee wa miaka sitini na minne akapanda kilima mbio, binti yake akihema nyuma. Akapima unene wa ukuta kwa mikono, akagonga mawe, akaikwangua chokaa kwa ukucha, akacheka peke yake. Furaha ilimjaa hadi machozi. Ukuta wake wa Muheza ulikuwa umeanza kupasuka, na hapa, alijiambia, ndipo angejifunza kujenga ukuta usioanguka.

Akalizunguka gofu lote. Kuta zilikuwa zimekwisha pande tatu, na minara ilibaki vishina. Lakini lango lilikuwa zima, upinde wake haukupungua hata jiwe moja. Hapo akashangaa kweli. Kila mwashi anajua kwamba ukuta huanza kufa mlangoni, maana palipoachwa wazi ndipo ufa huanzia. Akamwomba Stumai amuulize mama mkata tiketi: ni adui gani aliyeziweza kuta hizi akashindwa na lango?

Stumai akauliza, akasikiliza, kisha akamgeukia. Adui hakuwahi kuja. Watu wa mjini wenyewe ndio waliobeba mawe, kidogo kidogo, wakajengea nyumba zao. Lango hawakuligusa, kwa sababu njia yao ya kwenda sokoni ilipita hapo.

Mhina akasimama chini ya upinde. Wanawake wawili wakapita na vikapu vyao, wakamsalimu. Akaomba simu papo hapo. Singano alipopokea, alisikia sauti aliyoikosa miaka saba, nayo ilikuwa ikitetemeka kwa furaha: "Mdogo wangu, tafuta nyundo kubwa, uutoboe ule ukuta. Mahali pa mlango chagua wewe."

Singano hakuchagua. Alikwenda kumwuliza mama, na mama, bila kufikiri sana, akanyoosha kidole mahali panapotazamana na kisima. Jioni ile akanywa maji ya nyumbani kwake.

Nawe, ndugu yangu uliyejenga imara, ukuta wako una mlango?