Kikomo Alichokiweka Mzee Ambakisye

Hapo zamani, na wala si mbali, enzi zile watu wakitumiana salamu kwa kadi, Mzee Ambakisye ndiye aliyezisoma kila asubuhi katika redio moja ya Tukuyu. Alipofariki, mkewe Bi Tumpe alibaki na redio yake ya mbao na hamu moja tu: kuisikia tena sauti ile kabla hajahamia kwa bintiye Mwanza.

Kanda zote mzee alikuwa amezihamishia kwenye kompyuta ya kituo. Kompyuta ni moja, ila ndani imegawanywa ziwe mbili, ya habari na ya kanda, kila moja na fungu lake la memori. Bi Tumpe akaketi, akasikiliza. Sauti ya mzee ikaamkua kwa Kinyakyusa: "Mugonile, wapendwa..." Kompyuta ya kanda ikazima. Wakaiwasha, ikazima palepale. Bi Tumpe akajikaza asilie.

"Kanda zimeharibika," akasema meneja. "Zifutwe."

Atupele, fundi, akakataa katakata. Siku tatu akasoma ripoti za hitilafu mstari kwa mstari, akabaini kanda ni nzima. Memori ndiyo haikutosha.

"Chukueni yangu," akasema Lusajo wa habari, akamega nusu ya fungu lake. Wiki nzima mashine yake ikajikokota, akasoma habari kwenye karatasi, wasikilizaji wakamcheka. Na kanda ikazima palepale.

Ndipo Sekela, mfagizi, akaleta kadi kuukuu ya salamu aliyoachiwa na mzee aitunze. Nyuma yake mzee aliandika: "Kompyuta ya kanda nimeiwekea kikomo, hata ikiongezewa memori isiiguse, isije ikawabana wenzetu wa habari." Chini, jina la faili lenye kikomo hicho, ambalo hakuna aliyelijua. Atupele akakiondoa kikomo, na memori ya Lusajo ikatosha. Kanda ikaendelea hadi mwisho, kwa sauti ya mzee:

"Wa mwisho namsalimu Tumpe. Najua yuko jikoni. Mama, chai inafurika."

Bi Tumpe akacheka, machozi yakimtoka. Ilikuwa ikifurika kweli, kila asubuhi, kwa sababu ya kumsikiliza yeye.

Safari ni kesho, na redio ya mbao angependa aiache kwa aliyemrudishia mumewe.

"Nisingekataa, zingefutwa," akasema Atupele.

"Mimi nilitoa changu, nikachekwa," akasema Lusajo.

"Mimi niliitunza kadi tu, mama," akasema Sekela. "Miaka sita."

Bi Tumpe ameipakata redio, anawatazama wote watatu. Haya, ninyi mliokaa hapa: mngekuwa yeye, mngemwachia nani?