Karafuu Zilizoanuliwa

Wazee wangu, ndugu zangu, na akina mama mlioko nyuma ya pazia, assalamu alaikum. Leo nataka nitembee nanyi kidogo, tena humu humu Pemba, kwa sababu sijaona kisiwa kingine ambacho Mwenyezi Mungu alikigawia vilima bila kupima kama hiki chetu.

Kulikuwa na baba mmoja, binti yake kaposwa na watu wa Tanga. Watu hao wakasema kwamba kabla ya neno la mwisho watavuka waje wawaone nyumbani kwao.

Baba akapanga safari. Wiki nzima yuko na karatasi na kalamu. Wageni washuke Mkoani asubuhi, wapande vilima, wasimame pale bahari inapochungulia kati ya minazi, wapite msitu wa Ngezi, wapumzike ufukoni Vumawimbi, wamalizie mnara wa taa kule Kigomasha. Kila kituo na saa yake. Hata mahali pa kunywa madafu alipaandika.

Mkewe akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili.

"Bwana we," akasema, "mnara wa taa umo. Mama yako mbona hamo?"

Mama huyo alikaa barabara ya zamani, katika nyumba ya udongo na makuti, na mwanawe alikwisha kumpelekea habari kwamba wageni watapita kwake. Lakini sasa hofu ilimwingia. Wakiiona nyumba ile, je, posa haitavunjika? Akamjibu mkewe kwamba njia ina mashimo, na ni msimu wa karafuu, watu wametandaza majamvi mpaka juu ya lami. Watapita barabara mpya. Mama ataelewa.

Mama ataelewa! Sisi tuliokaa hapa, neno hilo tumelisema mara ngapi?

Siku ikafika, na kisiwa hakikumwangusha. Wageni walitazama mpaka wakasahau hata madafu yao. Baba akajivuna, na alikuwa na haki. Huko juu mnarani, kijani upande huu, buluu upande ule, baba wa kijana akavuta pumzi.

"Kisiwa tumekiona, mashaallah. Aliyekuzaa yuko wapi?"

Baba wa binti akababaika. Akasema mama ni mzima, ila njia ya kwake ni mbovu. Mzee wa Tanga akacheka.

"Mzee mwenzangu, sisi hatukuja kuposa barabara."

Wakageuza gari. Njia ya zamani yote imeanikwa karafuu, nyumba hata nyumba, dereva anakwepa jamvi hili, anakwepa lile. Walipokaribia kwa mama, lami ikawa tupu. Hakuna jamvi, hakuna hata karafuu moja. Mama wakamkuta barazani, kavaa kanga mpya yenye mikunjo ya dukani. Na nyuma yake, ukutani, magunia ya karafuu mbichi, joto limeshaingia ndani yake, zimeanza kuvunda.

"Mama, mbona hukuanika?" akauliza mwanawe.

"Nilianika, mwanangu. Nikazianua juzi. Ulisema gari la wageni litapita, nikaogopa lisije likakosa njia."

Yule baba aliinamisha kichwa.  Mama wa kijana akavua viatu, akashika pembe ya gunia, na wageni wote wakainama pamoja naye, wakazimwaga karafuu, wakazitandaza upya juani. Posa ilijibiwa pale pale, pembeni mwa jamvi, mikono ya watu wa Tanga ikinukia Pemba.

Ndugu zangu, baba huyu alijivunia vilima asivyoviinua, bahari asiyoijaza, mnara asioujenga. Mama aliyemsafishia njia, ndiye aliyemwacha nje ya karatasi. Na sisi je? Karatasi zetu za arusi, za safari, za nyumba mpya tunazojenga, nani hamo?

Mimi sisemi tusijivune. Tujivune! Kisiwa chenye mama kama yule kina haki ya kutembea kifua mbele. Lakini tuanzie kwake. Kila mmoja wetu ana mtu aliyeanua vyake ili yeye apite.

Hatutamaliza maneno leo. Jua bado ni kali huko nje. Nenda, kamsaidie kuanika.